Majina Arobaini na Matatu ya Mheshimiwa Kidevu

Ilikuwapo nchi moja, na kwa habari nilizo nazo bado ipo, ambayo serikali yake iliamua kuendesha mambo yake bila vitenzi. Haikuwa kwa ubaya. Ilikuwa kwa kupenda amani.

Chanzo kilikuwa msitu. Nchi hiyo ilikuwa na msitu wa taifa, mkubwa, wenye nyani na chemchemi na wimbo wake ulioimbwa shuleni, na asubuhi moja watu walipoamka msitu haukuwepo. Bunge likaunda tume, tume ikakaa miezi minane, na ripoti yake ikawa na sentensi moja tu: "Waziri Lugendo Kidevu alikata msitu."

Mheshimiwa Kidevu aliisoma sentensi hiyo mara nyingi, akaona haina kosa lolote isipokuwa herufi moja, ile a iliyosimama mwanzoni mwa "alikata". Imekaa mlangoni mwa kitenzi kama bawabu mwenye kiherehere, inamwambia kila apitaye ni nani yumo ndani.

"Lugha hii ina umbeya," aliwaambia wataalamu wake. "Na umbeya wake wote umo kwenye vitenzi."

Wataalamu wakaiandika upya: "Ukataji wa msitu ulitokea." Tume ikaisoma, ikaona hakuna mtu wa kuhojiwa, ikanywa chai, ikavunjwa. Mwaka uleule ikapitishwa Sheria ya Uondoaji wa Vitenzi. Vitenzi vitatu tu ndivyo vilivyosamehewa, yaani kuwa, kutokea na kufanyika, kwa sababu ilithibitika kwamba havijawahi kumsonta kidole mtu yeyote mwenye cheo. Vilivyobaki vilipigwa marufuku katika karatasi zote za serikali, ila pale mwananchi wa kawaida anaposhtakiwa. Hapo vitenzi viliazimwa, na kesi ikiisha vikarudishwa.

Kazi ya kugeuza vitenzi kuwa nomino ilipewa Idara ya Unominishaji, na katika idara hiyo hapakuwa na mkono mwepesi kuliko wa Sikudhani Makungu.

Jina hilo alipewa na mama yake, aliyekuwa ameambiwa na waganga watatu kwamba hatazaa. Siku sheria ilipoanza kazi, Mkurugenzi wa Idara, Bwana Tenge, mtu mpole aliyeogopa hata kengele ya chai, alimwita ofisini.

"Kuna tatizo la jina lako," alisema. "Ni kitenzi."

"Ni jina, Bwana Tenge. Nimeitwa hivyo tangu nimezaliwa."

"Lina si, lina ku, lina dhani. Mtu anakana jambo waziwazi."

Akapewa kitambulisho kipya kilichoandikwa Kutodhani Makungu. Jioni alimwonyesha mumewe, Pandu Silima, aliyekuwa mshona viatu katika soko la Mkorosho. Pandu alikuwa na mazoea ya kubana misumari midogo midomoni huku akizungumza, na siku hiyo nusura aimeze kwa kucheka.

"Mimi sijaoa Kutodhani," alisema. "Huyo mwanamke ukimwona huko kazini, msalimie."

Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yake kila Sikudhani anaporudi nyumbani. "Leo mmemfuta nani?" humuuliza, naye Sikudhani humjibu kwamba hafuti mtu, anapanga maneno tu. Pandu hakubishana. Alimpa kikombe cha tangawizi, akaendelea na soli yake.

Na kweli alikuwa akipanga maneno. Kila asubuhi rasimu zilifika kutoka wilayani zikiwa bado mbichi, zimeandikwa na askari na wakaguzi wanaosema kama watu wanavyosema. Sikudhani alikikamata kitenzi, akamtoa bawabu mlangoni, akatoa na wakati, akatia u mbele na ji mkiani. "Polisi walimpiga mwalimu" ikawa "upigaji ulitokea." "Daktari hakuja" ikawa "kutokuja kulikuwepo." Wenzake walikuwa wakikwama kwenye vitenzi vya silabi moja, hasa kufa, maana nomino yake ni kifo, na kifo bado kinanuka mtu. Sikudhani ndiye aliyebuni "upungukiwaji wa uhai". Wizara ilimpa cheti kwa neno hilo, akakitundika ukutani juu ya meza yake.

Rasimu za asili, zile zenye watu ndani, zilishushwa chini kwenye stoo. Hazikutupwa, kwa kuwa kutupa ni kitenzi, na hakuna aliyejua kama kinaruhusiwa.

*

Rasimu ya soko la Mkorosho ilimfikia Jumatano, saa saba mchana, siku mbili baada ya Mheshimiwa Kidevu kutangaza redioni kwamba pale sokoni patajengwa Uwanja wa Heshima. Ilikuwa imeandikwa na mkaguzi wa soko. Sikudhani hakuwa na desturi ya kusoma rasimu yote kwanza. Aliichukua sentensi baada ya sentensi, kama mtu anayemenya viazi.

Sentensi ya kwanza ilisema: "Leo saa nne Mheshimiwa Waziri Kidevu alifika sokoni, akaamuru soko libomolewe papo hapo." Sikudhani akaandika: "Ufikaji na uamrishaji vilifanyika."

"Tulimwambia kwamba watu bado wamo ndani." Akaandika: "Utoaji wa taarifa ulikuwepo."

"Dereva wa tingatinga alikataa, akashuka." Akaandika: "Ushukaji ulitokea."

"Mheshimiwa alipanda tingatinga yeye mwenyewe, akaliendesha, huku wapiga picha wakimpiga picha." Akaandika: "Upandaji na uendeshaji vilifanyika."

"Paa liliwaangukia watu saba, wote wakafa." Akaandika: "Uangukaji ulitokea, pamoja na upungukiwaji wa uhai."

Ya sita ilisema: "Waliokufa ni hawa wafuatao. Wa kwanza, Pandu Silima, mshona viatu."

Sikudhani alilitazama jina. Kisha akazitazama sentensi tano zilizo juu yake, kwa mwandiko wake mzuri ulioinama kidogo kulia. Katika sentensi zile tano Mheshimiwa Kidevu alikuwa amekwisha kushuka kwenye tingatinga, akanawa mikono, akaenda zake. Na aliyemfungulia mlango ni yeye Sikudhani.

Alisimama akaenda mpaka kwa Bwana Tenge.

"Mume wangu amekufa," alisema.

"Upungu..." alianza Bwana Tenge kwa mazoea. Halafu akasikia alichokuwa anataka kusema, akaziba mdomo kwa mkono.

Sikudhani alipokuwa anakimbia kuelekea sokoni, mpiga chapa aliikuta karatasi mezani ikiwa karibu kukamilika. Akaongeza idadi chini, akaipeleka kupigwa muhuri. Huo ndio uliokuwa ufanisi wa Idara ile, na mara mbili ilipewa kombe.

*

Baada ya maziko Sikudhani alikwenda kituo cha polisi kuuliza ni nani aliyemuua mumewe. Sajini wa zamu, mtu wa heshima aliyemwekea kiti, alifungua faili akampa cheti cha tukio.

"Soma mwenyewe, mama. Kila kitu kimo."

Alisoma. Uamrishaji, ushukaji, upandaji, uangukaji. Chini kulikuwa na herufi mbili za mwandaaji, K.M.

"Hapa hapajaandikwa mtu," alisema Sikudhani.

"Ndiyo, mama. Hakuna aliyebomoa. Kulikuwa na ubomoaji."

"Na tingatinga lilikwenda lenyewe?"

Sajini aliipekua karatasi kwa uangalifu, mbele na nyuma. "Kulikuwa na uendeshaji," alisema. "Kazi nzuri hii, mama. Aliyeiandika ni fundi."

Sikudhani alikikunja cheti mara nne, akakitia kifuani. Watu waliomwona akitoka siku hiyo walisema hakulia. Hawakukosea. Kilichokuwa kimemjaa hakikuwa na maji.

Siku ya tatu ya matanga Mheshimiwa Kidevu alifika mwenyewe, na magari sita na mwavuli. Alisimama mbele ya kina mama waliokaa mkekani, akafungua karatasi.

"Kuna usikitikaji mkubwa," alisoma. "Kuna uliwazaji kutoka ngazi zote. Kwa upande wa serikali, ujaji umefanyika."

Kisha akagawa kanga, moja kwa kila mfiwa. Zilikuwa na picha yake akiwa juu ya tingatinga, na maneno chini: Maendeleo Yametokea. Alipofika kwa Sikudhani alimwinamia, na macho yao yakakutana kwa karibu kabisa. Ilionekana wazi kwamba hamjui na hana haja ya kumjua.

"Una uhitaji wowote, mama?" aliuliza.

"Uhitaji upo, Mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Nitauleta ofisini."

*

Alikaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi, na hakuna siku iliyopita bure. Kina mama wa mtaa walikuwa wakija kuketi naye, na kama kawaida ya wafiwa, kila mmoja alikuja na msiba wake. Bi Kazija, mpika vitumbua wa nyumba ya tatu, alikuja na cheti kilichochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Mwanawe wa pekee, Rehani, alikuwa amechukuliwa barabarani miaka sita nyuma kwa sababu aliuliza habari za msitu.

"Nimesomewa na watu wengi," alisema Bi Kazija. "Wananiambia hapa pameandikwa 'utowekaji ulitokea'. Mimi namtafuta aliyemtowesha. Wewe umesoma, mwanangu. Hebu nitazamie, labda wao hawakuona vizuri."

Sikudhani aliutambua mwandiko kabla hajakishika cheti kile sawasawa.

"Hawakukosea kusoma, mama," alisema. "Aliyemtowesha alitajwa kwenye rasimu. Nilimtoa mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Ndiyo kazi yangu. Na hiki cha mume wangu pia nimekiandika mimi."

Bi Kazija alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne alirudi na sahani ya vitumbua, akaiweka chini kwa kishindo.

"Hivi si kwa ajili ya kukusamehe," alisema. "Ni kwa ajili ya nguvu. Aliyefunga fundo ndiye anayejua linavyofunguka. Hebu niambie unafungua lini."

"Namtaka yeye mwenyewe, mama. Sitaki cheti kingine."

"Na mimi namtaka. Kula."

Tangu siku hiyo Sikudhani alikaa na nakala ya Sheria ya Uondoaji wa Vitenzi mapajani, akaisoma kama wengine wanavyosoma nyuradi. Kifungu cha tisa kilisema kila kitenzi kitageuzwa kuwa nomino. Hakikusema nomino ya aina gani. Kifungu cha kumi na moja, alichokitunga Mheshimiwa Kidevu kwa mkono wake ili ripoti zisiulizwe maswali, kilisema nomino ikishaingizwa katika Daftari Kuu haitafutwa, haitapingwa, wala haitafupishwa milele.

"Tazama, mama," alimwambia Bi Kazija. "Ukibomoa, kinachopatikana ni ubomoaji. Ni upepo, haukamatiki. Lakini hiyo u ukiitoa ukatia m, unapata mbomoaji. Huyo ana miguu."

"Na ana shingo," alisema Bi Kazija.

*

Sikudhani aliporudi kazini alikuta Idara nzima imechanganyikiwa. Uwanja wa Heshima ulikuwa umekamilika, na katikati yake lilisimama jiwe refu jeupe lisilo na maandishi. Mheshimiwa Kidevu alitaka Jina la Heshima. Mkuu wa Nchi alikuwa na majina arobaini na mawili, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Majina ya Heshima ni lazima yasomwe yote kila anapotajwa, na anayemkatiza msomaji katikati hufungwa miezi sita. Mheshimiwa Kidevu hakuwa na hata moja. Aliona si haki.

Alikuja mwenyewe kutoa maagizo.

"Nimeitumikia nchi hii miaka kumi na tisa," alisema, akitembea kati ya meza. "Matendo yangu yamo kwenye mafaili yenu. Lakini mafaili yanasema ufunguaji ulifanyika, uzinduzi ulifanyika. Mimi niko wapi? Mtoto wa shule akisoma atajuaje?"

"Hatajua, Mheshimiwa," alisema Bwana Tenge.

"Basi kwa suala hili la heshima, mtendaji aonekane. Kila nilichotenda kiwe jina langu. Nani ana mkono mzuri hapa?"

Wote wakamtazama Sikudhani. Alisimama akiwa bado amejifunga nguo ya mjane, na kwa mara ya pili Mheshimiwa Kidevu alimtazama usoni asimjue.

"Nitumie mafaili gani, Mheshimiwa?"

"Yote."

"Na rasimu za asili zilizo stoo? Zile ndizo zinazosema nani alifanya nini."

"Ndizo hasa," alisema Mheshimiwa Kidevu kwa furaha. "Usiache hata moja. Niandikie kwa ukamilifu."

"Naomba agizo hilo kwa maandishi."

Aliandikiwa, na akatiliwa sahihi. Akashuka stoo na taa ya chemli na kiti cha mbao, akakaa humo siku kumi na nne. Alisoma kila rasimu aliyowahi kuigeuza kwa miaka kumi. Humo ndani watu wote walikuwamo bado, na majina yao, wakipiga, wakipigwa, wakiuza, wakikimbia. Kuna siku alitoka uani, akanawa uso, akarudi chini. Kila alipoiona ile a ya Mheshimiwa Kidevu mbele ya kitenzi, aliing'oa polepole, akaweka m, na alipoiweka aliikandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapata alama.

Jioni ya mwisho aliipeleka orodha kwa Bi Kazija akamsomea. Bi Kazija alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

"Lako umeliandika?" aliuliza.

"Langu?"

"Wewe ulikuwa mtendaji pia. Usiniletee mlango uliofungwa upande mmoja."

Sikudhani akachukua kalamu. Chini ya orodha, katika mstari wa mwandikishaji, akaandika: Sikudhani Makungu, Mfutaji.

Kesho yake alimpelekea Bwana Tenge apige muhuri. Bwana Tenge alisoma ukurasa wa kwanza akitabasamu. Ukurasa wa pili tabasamu likamtoka. Wa tatu aliusoma akiwa amesimama, akaenda kufunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu.

"Umeyahesabu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Arobaini na matatu."

"Mkuu wa Nchi ana arobaini na mawili."

"Najua, Bwana Tenge."

Mkurugenzi aliketi. Alikuwa na shemeji yake mmoja miongoni mwa walimu tisa waliofungwa kwa amri ya Mheshimiwa Kidevu, jambo ambalo hakuwahi kulizungumza ofisini. Alitoa miwani, akaifuta, akaiweka mezani badala ya kuivaa tena.

"Mimi sijasoma kitu," alisema.

"Kutosoma kulitokea," alisema Sikudhani.

Muhuri ukapigwa.

*

Sherehe ilifanyika saa tatu asubuhi, ikatangazwa moja kwa moja nchi nzima. Mheshimiwa Kidevu alivaa suti nyeupe. Kama sheria ilivyotaka, umma ulitakiwa kupiga makofi kila jina linaposomwa, na askari walisimama pembeni kuhesabu viganja. Mtangazaji mkuu wa redio, mwenye sauti nzito kama pipa, na ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kusoma jambo kabla ya kulisoma hewani, akafungua karatasi.

"Mzawa wa Taifa," alisema. Makofi. "Mpenda Amani." Makofi. "Mfunguaji wa Semina. Mkataji wa Utepe." Mheshimiwa Kidevu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu kila mara, na mafundi wa jiwe wakaendelea kuchonga nyuma yake.

Jina la kumi lilikuwa Mkataji wa Msitu wa Taifa.

Makofi yalikuja kwa mazoea, yakafika katikati, yakasita. Mheshimiwa Kidevu aliinua kichwa.

"Muuzaji wa Mto wa Kaskazini pamoja na Samaki Wake," aliendelea mtangazaji, na sasa sauti yake ilianza kuwa na kokoto. "Mdanganyaji wa Tume. Mfungaji wa Walimu Tisa. Mtoweshaji wa Rehani, mwana wa Kazija."

Kwenye safu za nyuma mtu mmoja alipiga makofi. Alikuwa Bi Kazija, amesimama peke yake, anapiga taratibu, kofi moja moja. Askari walitazamana. Alikuwa anatii sheria. Kina mama waliomzunguka wakasimama nao, wakapiga kama yeye.

Mheshimiwa Kidevu alimwashiria mtangazaji kwa kupitisha kidole shingoni. Mtangazaji aliiona ishara, akakumbuka miezi sita ya anayekatiza Jina la Heshima, akanywa maji, akasonga mbele. Yeye alikuwa na watoto.

"Mpandaji wa Tingatinga. Mwendeshaji wa Tingatinga. Mbomoaji wa Soko Lenye Watu. Muuaji wa Pandu Silima, mshona viatu."

Sasa uwanja mzima ulikuwa umesimama. Yalifuata majina sita mengine ya Muuaji, na kila moja lilipotajwa, mahali fulani katika umati watu wa nyumba moja walipiga makofi yao, wakalia humohumo. La mwisho, la arobaini na tatu, lilikuwa Mgawaji wa Kanga Matangani.

Sikudhani alikuwa amesimama nyuma ya jukwaa, penye kivuli. Aliutazama mgongo wa ile suti nyeupe ukilowa jasho polepole, kutoka mabegani kushuka mpaka kiunoni, na alitamani majina yangekuwa mia.

*

"Nani aliandika?" aliuliza Mheshimiwa Kidevu alipofika Idarani, asimkumbuke hata mtu aliyemtilia sahihi agizo, wala hakuwa ameusoma mstari wa mwandikishaji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi waziri kuuliza ndani ya jengo lile ni nani aliyetenda jambo, na wapiga chapa wawili waliinama chini ya meza.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Tenge, akisoma Jina lote la Heshima kwa midomo tu bila sauti, maana sheria ni sheria, "hakuna aliyeandika. Uandikaji ulitokea."

"Nani alipiga muhuri?"

"Upigaji muhuri ulifanyika."

"Futeni."

Bwana Tenge alimfungulia kifungu cha kumi na moja. Mheshimiwa Kidevu aliutambua mtindo wake mwenyewe. Akaagiza uchunguzi. Wachunguzi wakafanya kazi siku tisa, wakaandika ripoti ndefu inayosema ni nani hasa, na kwa utaratibu wa serikali ripoti hiyo ikapelekwa Idara ya Unominishaji kugeuzwa. Ikaangukia meza ya Sikudhani. Hakupata shida nayo.

Naye Mkuu wa Nchi alisikiliza marudio ya sherehe akiwa anakunywa uji. Kuhusu msitu hakusema kitu. Kuhusu mto hakusema kitu. Kuhusu watu saba aliomba uji uongezwe. Lakini jina la arobaini na tatu liliposomwa, aliweka kijiko chini.

Kesi ilichukua nusu saa. Shtaka lilikuwa uzidishaji wa majina kuliko Mkuu wa Nchi, na ushahidi ulikuwa jiwe. Mheshimiwa Kidevu alijitetea kwamba hakuyaomba yale majina. Hakimu akasoma agizo lenye sahihi ya mshtakiwa mwenyewe: usiache hata moja. Akahukumiwa miaka saba. Kwa watu saba hakupewa hata siku moja, na mahakama ilieleza kwamba upungukiwaji wa uhai ulikwisha kutokea na faili lake limefungwa.

Sikudhani alikuwa amekaa safu ya mbele. Wengine walikumbatiana. Yeye alimwandikia Bwana Tenge barua ya kuomba uhamisho palepale, juu ya goti.

*

Gereza Kuu la nchi ile lina desturi ya kuwaita wafungwa kila asubuhi kwa majina yao kamili, kama yalivyo katika Daftari Kuu, na mfungwa huitika baada ya kila jina. Mkuu wa gereza alishangaa kumpokea karani wa mwitiko aliyetoka Idarani.

"Mama, hii si kazi ya mtu wa cheo chako," alimwambia. "Ni kusimama uani na kuita watu."

"Naijua," alisema Sikudhani.

Wafungwa wengi walimalizwa kwa dakika moja. Mheshimiwa Kidevu alichukua karibu robo saa. Siku za mwanzo aliitika kwa kiburi, kisha kwa hasira, kisha kwa sauti ya mtu anayetembea akiwa amelala. Wezi wa kuku walimkalia mbali. Hata walinzi walijifunza orodha ile kwa moyo, wakaifundisha wake zao, na inasemekana watoto mjini wanaiimba wakiruka kamba.

Mwezi wa tano alisogea karibu na meza, akaiona sahihi chini ya daftari. Aliisoma polepole, midomo ikimcheza.

"Mfutaji," alisema. "Kumbe ni wewe. Mimi nilikuwa nakuona tangu ofisini, sikujua."

"Ulikwisha kuniona mara mbili kabla ya hapa, Mheshimiwa. Ya kwanza ulinipa kanga."

Alijaribu kukumbuka. Alikunja uso, akatazama juu, akatazama mikono yake. Haikuja.

"Nisaidie, mama," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa imekwisha maji yote. "Ruka hata moja tu. Wewe si ndiye uliyekuwa ukifuta?"

"Nilikuwa."

Alingoja kidogo ili aone kama kuna huruma yoyote itakayopanda kifuani. Kulikuwa kimya huko. Akaweka kidole kwenye mstari wa thelathini na sita.

"Muuaji wa Pandu Silima, mshona viatu."

"Ndimi," alisema Mheshimiwa Kidevu, akitazama chini.

"Sikusikia," alisema Sikudhani. "Rudia."